Kichwa cha Koili Kilipokuja na Posa

Baba yangu alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wangu wawili kabla huyu wa Kasulu hajajitokeza, na kila mmoja alimkataa kwa sababu isiyo na kichwa wala miguu. Wa kwanza eti alicheka kwa sauti kubwa mno. Wa pili aliweka kikombe cha chai juu ya santuri, na huyo, nasema kweli, hata mimi nisingemkubali. Mama ndiye aliyenitajia sababu yenyewe, siku moja tulipokuwa tunachambua maharage.

"Baba yako haogopi wanaume," alisema. "Anaogopa kubaki na ile mashine peke yake. Mimi nyimbo zake zinanipa usingizi. Ukiondoka, atasikiliza na nani?"

Mashine yenyewe ilikuwa kinanda cha santuri alichokinunua Kibondo mjini kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na amplifaya, spika mbili na santuri za rumba ambazo sikuelewa mmisionari alikuwa akizisikiliza saa ngapi. Wazazi wangu waliingia nchi hii kutoka Burundi wakiwa mgongoni mwa mama zao. Mimi nimezaliwa hapa Kitahana, katikati ya migomba. Jumapili, baada ya ibada, wenzake walipokuwa wakitembeleana, baba alikuwa anavua viatu, anafuta santuri kwa kitambaa laini, kisha ananiita nishushe sindano. Yeye mikono yake ilikuwa ya jembe na aliogopa kuivunja. Basi tangu utoto nimekuwa mkono wa baba, na nilipokua tukawa tunabishana kuhusu mpiga gita gani kachelewa na nani kawahi. Nilikuwa na furaha sana kwenye ile sebule. Sitaki mtu afikiri nilikuwa nakimbia nyumbani.

Nilimpata mchumba wangu kwa sababu ya sindano. Ya baba ilikuwa imeisha, nyimbo zote zikawa zinakwaruza, nikatumwa Kasulu kwenye duka moja la redio na vifaa vya sola. Kijana wa pale alikuwa nayo, lakini badala ya kunifungia nijiendee zangu, akaanza kunihubiria. Akasema vichwa vya sindano ni vya namna mbili. Kile cha baba ni cha sumaku: sindano inapopita kwenye mifereji ya santuri inatikisa kisumaku kidogo, na nyaya zimetulia pembeni zinapokea. Kingine ni cha koili: hapo sumaku ndiyo imetulia, na zinazotikisika ni nyaya zenyewe, nyembamba kuliko unywele. Kwa kuwa ni nyepesi, zinafuata kila kitu, hata kile ambacho mwimbaji hakukusudia kisikike.

"Kama ni kizuri hivyo, mbona huuzi?" nilimuuliza.

"Ninacho kimoja tu. Nimebadilishana sola na mzee mmoja Mkongomani wa kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Na siuzi."

Nikamwambia anajisifu. Akaniambia nirudi nisikie. Nikarudi, nikasikia, nikamwambia mimi bado naona cha sumaku kina kifua zaidi kwenye besi. Alibisha, nikabisha, watu wakawa wanaingia dukani na kutoka bila kuhudumiwa. Kwa kifupi, tulipendana hivyo.

Alipotaka kuja kuposa nilimweleza ukweli kuhusu baba. Akafikiri kidogo, akasema atamletea kile kichwa cha koili kiwe zawadi. Niliona ni ujinga mtamu. Kitu pekee kilichonitia wasiwasi ni kwamba sauti ya koili hutoka ndogo mno, amplifaya ya baba isingeisikia bila kitransfoma cha kuikuza. "Nakileta pia," akaniambia. "Usijali."

Siku yenyewe nilikaa chumba cha ndani na shangazi, nimefunikwa kitenge kama mzigo wa sokoni. Kwetu binti haonekani mpaka aitwe, na mchumba anakuja lakini haruhusiwi kufungua mdomo. Anayesema ni mshenga. Mshenga wake alikuwa mzee wa kanisa kutoka Kasulu, mtu mwema, mnene, mwenye maneno yasiyokauka, ila kuhusu santuri alijua kwamba ni nyeusi na ni duara. Salamu zikaenda, zikarudi, zikazunguka tena. Kikapu cha sukari na chumvi kikapitishwa jikoni kwa mama. Kisha nikasikia mshenga akitangaza kwamba kijana ameleta kitu kidogo kwa ajili ya mzee, na baba akasema, kwa sauti niliyoijua, "Hebu tukione."

Nilifuata kila hatua kwa masikio. Pete ya mkono wa mashine ikazungushwa, kichwa cha zamani kikatoka, kipya kikaingia. Santuri ikaanza kuzunguka. Baba akashusha sindano mwenyewe, kwa kuwa mimi nilikuwa mzigo wa sokoni.

Kimya.

Au karibu na kimya. Rumba ilisikika kama watu wanaoimba ng'ambo ya bonde, upepo ukiwapeleka upande mwingine. Baba akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka kitasa kikagota mwisho. Ng'ambo ile ile ya bonde.

"Ni mashine ya adabu, mzee," mshenga akasema. "Haipigi kelele."

Nikajua kitransfoma hakipo. Nilimnong'oneza shangazi, "Kwenye kile kikapu kulikuwa na kitu cha chuma?"

"Ego," akajibu, yaani ndiyo. "Jiwe la mizani. Mama yako amenipa, nimezuilia mlango, huu upepo unausumbua."

Nikageuka. Kitransfoma kizima, roho ya posa yangu, kilikuwa kimeegemezwa kwenye mlango wa nyuma. Nilikuja kujua kwamba mshenga alikuwa amekiona kizito, akakipanga chini ya sukari ili kikapu kisipinduke.

Huko sebuleni mchumba wangu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, na nikasikia kishindo kidogo. Alinieleza baadaye kwamba mshenga alimkanyaga.

"Kijana wako ana kifua?" baba aliuliza.

"Ni vumbi la njiani, mzee wangu."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mwanaume niliyemtaka yuko hatua chache kutoka kwangu, anajua jibu, na haruhusiwi kulisema. Mimi nalijua, na siruhusiwi kuonekana. Mwenye ruhusa ya kusema ndiye asiyejua lolote. Na baba, ambaye alikuwa anatafuta tu sababu ya kukataa, ameletewa sababu ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya zawadi.

"Ngojeni niwaonyeshe kichwa kinavyoimba," baba akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na nafuu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Nikasikia pete ikizungushwa. Anarudisha kile cha sumaku. Na kitasa cha sauti je? Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa bado kimegota mwisho.

"Baba, punguza!" nilipiga kelele, lakini sindano ilikuwa imeshatua.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Gita lilipasua nyumba. Kuku walitoka chini ya ghala wakiruka kama ndege wa porini, bilauri zikacheza mezani, mshenga akajimwagia soda mapajani huku akiita jina la Bwana. Shangazi alinishika kitenge. Nikamwachia kitenge. Nilinyakua kitransfoma mlangoni, nikaingia sebuleni kichwa wazi, nikapunguza sauti, nikageuka.

Watu wote walikuwa wananitazama. Binti hajaitwa, katokea, tena na chuma mkononi.

"Mawe!" shangazi akalalamika nyuma yangu, yaani mama wee. "Ametuaibisha!"

"Baba," nikasema, kwa kuwa hapo hapakuwa tena na cha kuficha, "kichwa si kibovu. Ni cha koili. Kinahitaji hiki."

Baba alinitazama, akakitazama kile chuma, akamtazama yule kijana aliyekaa kwenye ukingo wa kiti akiwa ameuma midomo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti kubwa mno, kubwa kuliko ile aliyomfukuzia mchumba wangu wa kwanza. "Muhore," akawaambia watu wanyamaze, ingawa mwenye kelele alikuwa yeye. "Unganisha, mwanangu."

Nikapitisha nyaya kwenye kitransfoma, nikarudisha kichwa cha koili, nikashusha sindano kama nilivyofanya Jumapili zote za maisha yangu. Ulikuwa wimbo wetu, ule ambao mimi na baba tulikuwa tumeubishania miaka. Gita likaingia upande wa kushoto, tena likiwa na vidole. Kabla ya ubeti wa pili baba akainua mkono.

"Anavuta pumzi," akasema. "Huyu mama mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaanza. Mmesikia?" Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba anavuta pumzi."

Wimbo ulipoisha alimgeukia mshenga. "Wewe pumzika. Kijana aongee. Haya, niambie: kati ya hivi viwili, kipi bora?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Kijana akisifu cha kwake, amemdharau mwenye nyumba. Akisifu cha baba, ni mpambe.

"Kwa kusikia, baba, hiki cha koili kinakishinda chako," akasema taratibu. "Kwa kuishi nacho, chako ni bora. Sindano yako ikiisha unachomoa kwa vidole, unaweka nyingine, unaendelea. Hiki sindano ikiisha ndio mwisho wa kichwa chote, mpaka upate kingine, na huku tutakipata wapi? Tena kinataka mtu wa kukaa nacho, mwenye mkono mwepesi."

"Na huyo mtu unataka kumchukua."

"Ndiyo, baba."

Nilisikia ugali wa muhogo ukianza kuungua jikoni na hakuna aliyekwenda. Baba akakifungua kichwa cha koili, akakirudisha kwenye kiboksi chake, na hakumpa mshenga wala kijana. Alinipa mimi.

"Hiki kikae Kasulu," akasema. "Hapa kwangu kuna vumbi. Mimi nitakuwa nakuja kukisikiliza."

Kasulu ina vumbi sawasawa na la kwetu, na kila mtu mle ndani alijua hivyo. Shangazi, ambaye dakika chache kabla nilikuwa nimemwaibisha, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Mara ya kwanza baba alipokuja, tulikuwa tumeoana hata mwezi haujaisha. Alishuka kwenye basi na santuri zake kazifunga kwenye kitenge cha mama, akasema amekuja kukagua kama hatujakiharibu kichwa. Nikapika samaki kwa mawese. Akatueleza habari za maharage, na mvua iliyochelewa, na jinsi mama siku hizi anavyokaa naye sebuleni Jumapili na kulala usingizi kabla ya ubeti wa pili. Akaniuliza kama nakula vizuri. Akaniuliza tena. Mume wangu akaongeza kahawa, wakabishana kuhusu bei ya sola, nikabisha na wote wawili, na mara tukaona jua linaelekea kuzama na baba anatafuta viatu vyake.

"Lakini baba," mume wangu akasema, "hatujaweka santuri hata moja."

Baba akautazama mzigo wake, ukiwa bado umefungwa, akatabasamu kama mtu aliyekamatwa.

"Basi itabidi nije tena wiki ijayo," akasema.