Kiatu cha Kushoto

Asubuhi hii nikiwa mteremkoni nimekanyaga klachi, kigari changu kikalia kama kifaranga kilichopotea, na papo hapo pua yangu ikakumbuka kiatu cha baba.

Nilikuwa mtoto, tulikuwa tunashuka kutoka Mbinga kwenda ziwani kwa bibi. Sikuwa nimewahi kuliona ziwa. Katikati ya mteremko gari likaanza kulia, baba akasimama kando ya mibuni.

"Turudi nyumbani," akasema. Machozi yakanijaa.

"Kwanza kanyaga klachi," mama akamwambia. Ikalia. "Achia." Kimya. "Kanyaga tena." Ikalia. "Hiyo ni beringi ya klachi imeanza kulika, baba watoto. Milima yote hii unashuka umeikanyaga!"

"Si naokoa mafuta?"

"Unaokoa mafuta, unaua beringi. Shuka na gia ya pili. Na uvue kiatu cha kushoto, ukijisahau ukaikanyaga tena, chuma cha pedeli kitakukumbusha."

Baba akacheka, akavua. Nilikipakata kiatu kile chenye joto, kinachonuka jasho na vumbi, mpaka milima ikaachana na mama akageuka: "Haya, lione ziwa lako."

Leo nami nimesimama kando, nikavua cha kushoto, nikakiweka kwenye kiti cha pembeni, nikaendelea kushuka.