Chembe ya Pumba

Maji yaliyochemshwa juu ya mkaa na kupoa sufuriani yana harufu yake, moshi kidogo na bati kidogo. Siku hizi watu hununua maji ya chupa yasiyonuka kitu. Mimi bado nachemsha, na kila ninapofunua sufuria narudi uani kwetu Kariakoo, upande wa Msimbazi, nikiwa msichana wa darasa la pili, jicho moja likinitiririka machozi.

Ilikuwa miaka ya foleni. Mchele wa duka la ushirika, ulipopatikana, ulikuja na mawe, chenga na pumba za kutosha kulisha kuku wa mtaa mzima. Bibi, mama yake mama, alikuwa akija kutoka Magomeni kutusaidia kupepeta. Alinipenda mno, na kwa utani aliniita mke mwenzake. Siku ile nilichuchumaa mbele ya ungo wake nikingoja kuchagua mawe. Upepo ukageuka, chembe ya pumba ikaniingia jicho la kulia.

Nilipiga ukelele nikaanza kulifikicha. Wapangaji wakatoka vyumbani. Mama Elia, Mchaga wa chumba cha mbele aliyekuwa akinyonyesha, alishaanza kufungua vifungo vya blauzi, maana maziwa yake ndiyo yalikuwa dawa ya macho ya nyumba nzima. Lakini Bibi alimtangulia. Alisokota ncha ya kanga yake, akailowesha kwa mate, akanishika kidevu.

"Tulia, mke mwenzangu. Naitoa sasa hivi."

"Mama, usimguse!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikuwahi kumsikia akimpandishia Bibi sauti. Kwetu mzazi haambiwi hivyo, tena mbele za watu. Mkono wa Bibi ukabaki hewani na ile ncha ya kanga. Nilimchukia mama yangu. Naam, nilimchukia, hata jicho nikalisahau kwa muda.

Jicho la kushoto la mama lilikuwa na doa jeupe na halikuona kitu. Sisi watoto tuliamini kwamba alizaliwa nalo.

Aliniambia nisifikiche. Akanawa mikono kwa kipande cha sabuni alichokuwa akikificha kabatini, akaja na sufuria ya maji ya kunywa aliyoyachemsha asubuhi. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi. Hayo ndiyo maji yetu ya kutwa. Akanilaza mkekani kwa ubavu, jicho linalouma likiwa upande wa chini. Kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mama, nishikie bakuli."

Bibi akapiga magoti, akalikinga bakuli shavuni pangu. Mama akanipanua kope kwa vidole viwili, akamimina kwa kikombe, taratibu, maji yakianzia pembe ya puani na kutokea nje.

"Fumbua. Tazama juu. Sasa chini. Pepesa."

Nililia, nikayameza mengine, mengine yakaniingia sikioni. Akarudia, akarudia.

"Ikikataa kutoka tunaenda hospitali," alisema. "Humu hachokoi mtu."

Sufuria ilikaribia kwisha nilipopepesa nikaona hakuna tena kinachokwaruza. Bibi ndiye aliyeiona ile chembe ikielea bakulini, ndogo kuliko chawa. Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akalia. Nilidhani analia kwa sababu alikaripiwa na mwanawe.

Bibi alishafariki siku nilipomuuliza mama habari za lile doa. Mwanangu alikuwa ameingiwa na mchanga jichoni, na tulikuwa tumemaliza kumsafisha.

"Pumba tu," alisema. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe wakati ule. Mama alinitolea kwa ncha ya kanga, jicho likachubuka, likatunga usaha. Hakujua, maskini. Alikuwa ananihurumia."

Akaendelea kukunja nguo. Nikaelewa kwa nini siku ile, baada ya kumzuia, alimpa bakuli alishike. Na nikamkumbuka Bibi alivyokuwa, kila akija kwetu, akivuta kigoda chake na kukaa kushoto kwa mama, akimtazama mpaka chai inapoa. Nilidhani anapenda kivuli cha pale. Upande ule mama hakuweza kumwona.