Usimpe Mtu Yeyote

Fundi Makochi aliwahi kuingizwa mjini mara moja, akaapa haitatokea tena. Mtu alimpigia simu akijifanya kaka yake, sauti ileile kabisa, eti yuko hoi hospitalini, na fundi wa watu akatuma fedha zote za mbao na sponji bila hata kumaliza chai yake. Tangu hapo namba ngeni hakuipokea, na akiipokea, ujue kuna mtu anakwenda kupashwa.

Binti yake alikuwa na hamu moja tu duniani, kusomea ukunga. Siku hizi hubebi bahasha kwenda chuoni. Kuna mtandao unaokukutanisha na ofisi za udahili za vyuo chungu nzima, unajaza, unasubiri. Aliomba miaka mitatu mfululizo akikosa, na mwaka huu, simu yake ikiwa imepasuka kioo, alijaza namba ya baba. Akachaguliwa! Fundi alicheka peke yake karakanani, akampunguzia bei mteja ambaye hata hakuomba.

Ilibaki kuthibitisha nafasi. Siku ya mwisho, umeme ukakatika mtaa mzima hadi jioni. Uliporudi, binti alitoka mbio kwenda kwenye kompyuta za dukani, bila kumuaga baba, maana aliona ni jambo la dakika mbili.

Simu ya fundi ikalia. Ujumbe: namba ya siri, na chini yake, "Usimpe mtu yeyote." Hajaweka hata nyundo chini, namba ngeni ikapiga.

"Baba, shikamoo. Nisomee hizo tarakimu zilizoingia sasa hivi. Haraka, wanafunga!"

"Marahaba. We nani?"

"Jamani, baba! Ni mimi. Nimeazima simu ya dada wa hapa dukani."

"Ahaa! Juzi mliniletea kaka, leo mmeniletea mwanangu? Umenoa, bibie."

"Baba, nakuomba. Baba!"

Akakata, akaizima simu kabisa. Kisha akamsimulia mteja aliyekuja kuangalia kochi lake, na mteja akamsifu kwa kuwa macho.

Binti alifika akihema, kandambili mkononi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akalia mpaka mteja akaaga kwa aibu.

Kesho yake walikwenda chuoni wote wawili. Mama wa udahili aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa pole ya kweli, lakini nafasi ilishakwenda kwa mwingine. Fundi aliomba, akaomba tena, mtu mzima na mvi zake, hadi binti akamshika mkono wakatoka.

Nje ya geti, binti alisimama.

"Sikulaumu, baba. Ila niambie tu. Ina maana hukuitambua sauti yangu?"

Machozi yakamtoka fundi, wala hakuyafuta.

"Niliitambua, mwanangu. Hata ya kaka siku ile niliitambua. Ndiyo maana nilizima simu. Nilijua ukiniita baba mara moja tena, nitakupa."