Jina la Mama Linet

Homa ya uti wa mgongo ilipomwachia Linet, iliondoka na maneno yake. Wiki nzima mama yake, Filister, alikaa kando ya kitanda katika wodi ya watoto mjini Homa Bay, kitabu cha Kiingereza cha gredi ya tatu mapajani, akimwonyesha kijiko, akimwonyesha ndizi, akingoja.

Kitabu kilikuwa wazi kwenye nomino. Hapo ndipo Linet alipofika kabla ya kuugua. Jioni kule Sindo, mama akikusanya omena, dagaa wa ziwani aliowaanika, mtoto alikuwa akimfundisha: "fish" ni nomino ya kawaida, samaki yeyote huitwa hivyo, "Sindo" ni ya pekee, huanza kwa herufi kubwa, "hunger" ni ya dhahania, huishiki wala huioni.

"Hiyo mimi naiona kila siku," Filister alimjibu, wakacheka.

Sasa kicheko kilikuwa mbali. Daktari Cephas alikwisha kusema: leo atampima Linet, na akishindwa, shule yake aisahau.

Daktari akainua kijiko.

"Spoon," Linet akasema polepole.

"Na hii?"

"Banana."

"Vizuri. Huyu ni nani?"

"Mama."

"Anaitwa nani?"

Linet akamtazama mama yake.

"Mama," mtoto akarudia.

"Jina lake, Linet."

Machozi yakamtoka. Daktari akaandika kitu, akasogea kitanda cha mbele.

Filister akashika ukingo wa kitanda. "Mungu wangu, hata mimi amenisahau!"

Bhoke, Mkuria aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili, akamgeukia. "We mama, kwani unaitwa nani?"

"Filister."

"Na nani hukuita hivyo?"

"Liko kwenye kitambulisho."

"Sikuulizi kitambulisho. Nyumbani!"

Tangu atoke Migori kuolewa Sindo, hakuna aliyemwita Filister. Huko mke huitwa kwa jina la alikotoka.

"Basi unamdai mtoto kitu hujampa," Bhoke akasema. "Hata mimi wiki nzima nakuita jirani."

Filister akakimbia, akamshika daktari mkono wa koti, jambo ambalo siku nyingine asingethubutu. "Daktari, nakuomba. Muulize nyumbani naitwaje."

Daktari akatazama vitanda vilivyokuwa vikimngoja, akapumua, akarudi. "Linet, nyanya yako akimtaka mama, humwitaje?"

Mtoto akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka Filister akadhani amelala, akaanza kulia bila sauti.

"Nyar Migori," Linet akanong'ona.

Binti wa Migori. Daktari akatazama alichoandika, akakikata. "Tutampima tena. Ya shule tuyaache kwanza."

Hakuahidi zaidi. Filister akapiga magoti, akamwinamia mwanawe sikioni.

"Nina jina lingine, mwanangu. La pekee. Sema: Fi-lis-ter."

Linet akajaribu. Ulimi ukakwama.

"Fi," mama akaanza upya.

"Fi," mtoto akasema.