Usimwambie Mtu Arudi Rizavu

Nakumbuka asubuhi niliyomwambia mjane akamzike mumewe rizavu, na mpaka leo naona aibu. Mwanangu, ningekaa kimya, lakini jana kwenye foleni ya kupima majani chai nilikusikia ukimwambia Atieno, yule msichana wa kambi ya wachuma chai, "Rudini rizavu kwenu." Keti basi.

Nilikuwa karani msichana katika shamba kubwa la chai, na kalamu ilikuwa imenipanda kichwani. Mzee Okumu, mchuma chai wa miaka mingi, alikuwa amefariki. Mkewe akaja ofisini kuuliza atamzika wapi. Sikuinua hata macho.

"Lori litampeleka rizavu. Si ndiko kwenu?"

"Rizavu gani, binti yangu?" akasema. "Okumu alizaliwa hapa hapa kambini. Baba yake ndiye alitoka kule ziwani. Huko hakuna mtu anatujua, na shamba hatuna."

Nikamwambia hiyo si kazi ya ofisi. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia baba huku nikicheka. Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku hiyo aliweka chini kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akanifokea.

"Wewe unajua rizavu? Mzungu alitutoa kwa hiyo ardhi mnalima chai, akachora mpaka, akasema ndani ni rizavu, eti ametuwekea akiba. Ng'ombe ikivuka, inachukuliwa. Mtu akitoka bila kipande, kile cheti cha kuvaa shingoni, anafungwa. Babu yako alichukia hilo neno mpaka kufa. Sisi watoto tukalizoea, tukaita nyumbani. Sasa wewe unafukuza nalo mama wa watu?"

Pamoja na kusoma kwangu kote, neno hilo nililijua la mpira, mchezaji wa rizavu anayesubiri benchi, na la wazee wakisema kwa furaha kwamba wanaenda rizavu Krismasi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lilianza kama boma la kufungia watu, na watu wenyewe ni sisi.

Kesho yake baba alichukua jembe, akaenda pembeni mwa shamba letu hili la Kiptere, akaanza kung'oa chai. Mashina kumi na mawili, yale yale yaliyonilipia karo! Mama alishika kichwa. Mkulima wa chai hang'oi chai, afadhali ang'oe jino. Nilidhani mzee amerukwa na akili.

"Nenda umwite yule mama," akasema bila kunitazama. "Mwambie mzee wake amepata kwao."

Mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno ulilolikuta midomoni mwa watu, uliza kwanza lilimfanyia nani nini, kabla hujamrushia mwenzako. Na usimwonyeshe mtu njia ya kwao kama hujui kwao ni wapi.

Ile pembe yenye nyasi unayoipita ukienda kuchuma, ukiniuliza kila mara kwa nini hatupandi chai pale, ndipo alipolala Mzee Okumu, babu yake Atieno. Kamwombe msamaha leo.

Mungu akupe ulimi mpole. Na popote utakapofika bila kwenu, akupe mtu wa kukung'olea chai yake.