Rejeta Ambayo Baba Hakutaka Ifunguliwe

Uji wa muhogo ukifurika na kumwagikia mafiga, wengine husikia njaa. Mimi husikia mvuke ukipiga filimbi chini ya boneti, na ghafla niko tena uani kwetu Minago, miguu peku, nimebeba ndoo ya maji inayonizidi nguvu.

Wacha niwaeleze vizuri. Baba alikuwa na kamyoneti, gari dogo la mizigo, nyeupe, kuukuu, yenye mlango mmoja wa buluu kwa sababu ulitoka kwenye gari lingine. Kazi yake ilikuwa kupakia ndagala, yaani dagaa, wakavu na mawese kule Rumonge mjini na kuvipandisha Bururi, juu kwenye baridi, ambako watu wanapenda samaki lakini ziwa hawalioni. Tulikula kwa sababu ya gari lile, tukavaa kwa sababu yake, na kaka yangu akasoma kwa sababu yake.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa mfinyanzi. Alirudi kutoka uhamishoni Tanzania na mikeka yake na udongo kwenye kucha, akaja kukaa kwetu, na hilo halikuwa jambo jepesi. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka heshima inakuwa ukuta. Baba hakumtazama Bibi usoni. Bibi akitaka chumvi aliniambia mimi, nami nilimwambia Baba, ingawa alikuwa amekaa pale pale na masikio yake yote mawili. Mimi ndiye niliyekuwa simu ya nyumba.

Sasa, rejeta ya gari ilikuwa inavuja. Kila asubuhi tulikuta kidimbwi chini yake, bata wakinywa. Halafu siku moja kidimbwi hakikuwepo. Baba alimshukuru Mungu, akapakia mzigo wake. Lakini tangu wiki ile gari likaanza kuchemka. Kwenye barabara ya chini, kando ya ziwa, lilikwenda tu, ila likianza mlima wa Bururi mshale wa joto ulipanda kwenye nyekundu na mvuke ukafunika kioo. Mzigo ukawa unafika jioni, wateja wameshanunua kwa wengine. Mwishowe wateja wenyewe wakawa hawamwiti tena.

Ndipo Baba akasema analiuza. Mtu wa Bujumbura, anayenunua magari mabovu ili ayakate vipande, angekuja Jumamosi. Mama hakulia, ila nilimwona anaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa akaja fundi Saidi, kwa baiskeli, vyombo vyake ndani ya gunia la mchele. Mama ndiye aliyemwita. Alikuwa mtu wa kule Rumonge, mwenye kofia safi na mikono michafu, anayesemesha magari kama watu wanavyosemesha ng'ombe. Alisema gari ni mgonjwa asiyejua kudanganya, tatizo ni sisi tusiouliza kwa mpango. Basi akaanza na maswali mepesi. Alibonyeza mkanda kwa kidole gumba: umekaza. Akawasha mashine, feni ikazunguka mpaka kanga ya Mama ikapepea. Akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia juani. Oili na maji vikichanganyika, alisema, inakuwa kama kahawa ya maziwa, na hapo ni kilio. Ilikuwa nyeusi safi.

Akafungua kidude kidogo cha shaba, termostati, kinachoyafungulia maji njia yakipata moto, akaomba chungu. Tukakichemsha kama yai. Tulichuchumaa wote kukitazama, na maji yalipopata moto kikafungua mdomo polepole, kama kifaranga anayesubiri chakula. Nikapiga makofi. Fundi akasema kile kiko kizima kuliko sisi.

Alipokwisha kukirudisha akawasha tena, akangoja, kisha akaweka kiganja juu ya rejeta akakitoa haraka. Akakiweka chini. Akakiacha pale.

"Juu iko moto, chini iko baridi," alisema. "Maji hayapiti. Imeziba. Tuifungue."

Baba, ambaye siku nzima alikuwa anamshikia spana, akasimama kati yake na gari.

"Imetosha, Saidi. Acha iende hivyo."

"Ndugu yangu, unazika mutu anapumua."

"Nimesema iache."

Nilimkasirikia Baba, siwafichi. Dawa imeonekana, yeye anaikataa! Fundi akaanza kurudisha vyombo kwenye gunia, taratibu, kama mtu anayengoja kuitwa.

Bibi alikuwa pembeni analainisha chungu kwa jiwe. Aliniita, akauliza fundi amesema nini. Nikamweleza: juu moto, chini baridi. Akaliweka jiwe chini. Akampita Baba karibu kabisa, kanga yake ikamgusa, akaweka kiganja pale alipoweka fundi. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema, si kwangu, kwa Baba mwenyewe, mara ya kwanza masikioni mwangu:

"Mukwe wangu, fungua. Hiyo iko uji wangu."

Bibi akaeleza bila haraka. Chungu kipya kikitoa machozi, unakichemshia uji mwepesi wa muhogo mpaka vitundu vijifunge. Alfajiri moja aliona gari la mkwewe linalia, akalihurumia, akalimiminia uji ndani ya rejeta. Hakusema, kwa sababu wema unaomfanyia mkwe haupigiwi ngoma.

Fundi akaifungua. Ukatoka ute wa kijivu, mzito, wenye harufu ya bugari, ugali wa muhogo, iliyolala. Saidi akakaa chini kabisa, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Alisema ameshakuta sabuni ndani ya rejeta, ameshakuta yai, lakini kuandaliwa chakula ni mara ya kwanza.

"Lakini ilikuwa imeacha kuvuja," Bibi akasema. "Sema kweli."

"Kweli, Mama. Murakoze," fundi akamshukuru.

Baba aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Tukaifanyia kazi mpaka jua likazama upande wa Kongo: maji ya moto, waya mwembamba, ndoo baada ya ndoo, kisha fundi akaziba tundu kwa lehemu. Kesho yake mnunuzi wa Bujumbura alikuta kuku tu. Sisi tulikuwa mlimani, Bibi kiti cha mbele, ameshika dashibodi kama anayemtuliza mtoto, na sisi nyuma na fundi tukiimba. Ziwa likashuka chini yetu, kubwa, linameta. Tukapita kona ambayo gari lilizoea kufia. Mshale ulikaa katikati, haukutikisika, na Baba akapiga honi mpaka watu wakatoka mashambani kutupungia.

Mwaka jana, baada ya kumzika Bibi, nilimuuliza Baba kwa nini siku ile alikataa rejeta ifunguliwe. Alitabasamu. Alisema gari lilipochemka mara ya kwanza alifungua kifuniko, tone likamrukia mdomoni, akalilamba. Muhogo. Na nyumbani kwetu alijua ni nani anayepika uji mwepesi namna ile.

"Kwa hiyo ungeliuza gari, Baba?"

"Gari inapatikana," alisema. "Ningemwambiaje mabukwe, mama wa mama yako, kwamba uji wake ndio unaoliua?"

Miaka yote nilifikiri wale wawili hawazungumzi kwa sababu hawana la kuambiana. Kumbe walikuwa wanaambiana kila siku, mmoja kwa uji, mwingine kwa kunyamaza, na mimi, simu ya nyumba, sikusikia hata neno.