Ng'ombe wa Maman Constance

Serikali ilikuwa imemnyang'anya jina la ubatizo, kama ilivyowanyang'anya wote wakati ule wa Zaïre, na kwenye kitambulisho aliandikwa citoyen, yaani raia, Mushagalusha. Lakini mtaa mzima wa Kadutu walimwita Papa Polycarpe, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Nani atanifunga? Alikuwa akifundisha Kiingereza kwa wasichana wa sekondari hapa Bukavu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona maneno mawili ya Kiingereza yenye undugu bila kuyagombanisha.

"'Steal' na 'rob' si moja," aliwaambia wanafunzi. "Mwenye kuchukua kuku yako wakati umelala, huyo ni 'steal'. Mwenye kukusimamisha kwenye barrière na bunduki, akuombe saa ya mukono, huyo ni 'rob'."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika, halafu mwalimu mwenyewe akachungulia dirishani kama kuna askari anasikiliza, akageuza somo haraka. Mkewe Adélaïde alisema huyu mwanaume hawezi hata kula ugali kwa amani. Mara tonge limebaki hewani, sombe inapoa, yeye anatafuta tofauti ya "small" na "little". Watu walimcheka, naye hakujali.

Likizo kubwa ya mwaka wa sabini na nane, Mwingereza mmoja, Bwana Whitlock, aliingia Bukavu na mradi wa chai, akatafuta mkalimani. Angempata nani mwingine? Kwa wiki tatu Polycarpe alipanda na kushuka vilima vya upande wa Walungu katika vumbi la kiangazi, fomu chini ya kwapa. Kila mkulima aliulizwa mambo kumi, na la saba ndilo lililomkaba: shamba hili ulilipataje? Visanduku vya kutia alama vilikuwa vitatu. "Bought", ulinunua. "Rented", unalilipia kila mwaka. "Gift", ulipewa bure, zawadi.

Sasa kwa Bashi, wenyeji wa vilima hivyo, shamba halipatikani kwa njia yoyote katika hizo tatu. Unapeleka kalinzi. Ng'ombe anapelekwa kwa chefu mbele ya mashahidi, au mbuzi ukiwa mnyonge, na tangu siku ile udongo unakujua wewe, na mtoto wako, na mjukuu wako. Huyo ng'ombe si bei, maana udongo hauuzwi. Si kodi pia, maana mwaka ujao hupeleki mwingine. Ni nini basi? Mtu mwingine angetia alama popote akaenda zake kunywa kasiksi. Polycarpe alisimama juu ya jiwe, akawaza na kuwazua, akaona hivi: ng'ombe ni heshima kwa chefu, shamba ni heshima kwa mkulima, na heshima kwa heshima ni zawadi. Akatia alama kwenye "gift". Masikini wa Mungu, siku ile alijisifu sana rohoni.

Mjane mmoja, Maman Constance, hakumwachia aende hivi hivi. Alimfuata mpaka njiani na jembe lake mkononi.

"Papa, ile ngombe ya bwana yangu umeiandika? Ilikuwa na mimba, ile ngombe."

"Nimeiandika, Maman."

"Na mimba?"

"Eh, Maman! Hata mimba."

Hakuwa ameandika ng'ombe wala mimba. Alikuwa ametia alama tu, kama alivyowatilia wenzake sitini.

Siku ya Ijumaa, ofisini mjini, Delphine aliyekuwa dactylo wa mradi alikuwa anamaliza kupiga orodha kwenye mashine. Bwana Whitlock alikuwa amechangamka.

"Hawa wa 'gift' wamenirahisishia kazi," alimwambia Polycarpe. "Aliyepewa bure hana cha kudai, kwa hiyo chai tutaipanda pale. Walionunua hatuwagusi, tutazunguka mashamba yao." Orodha ilikuwa iondoke kesho yake asubuhi kwa ndege ya Kinshasa.

Moyo wa Polycarpe ulilia paa! Alisema ndiyo, akasema ndiyo tena, akatoka akiisahau kofia yake juu ya kiti.

Nyumbani hakukaa. Alikalia kiti akasimama, akaenda mlangoni akarudi, akafungua dirisha akalifunga.

"Unazunguka nyumba sawa kuku ya kutafuta fasi ya kutagia," Adélaïde akamwambia. "Kuko nini?"

Akamweleza yote. Mkewe aliweka mwiko chini.

"Yesu Maria! Si uende umuambie ulikosea?"

"Nikimuambia nilikosea, ataniuliza neno ya kweli ni gani. Na sina."

Hapo ndipo palipomuuma. Alifungua daftari lake la maneno, la miaka kumi na mbili, na kutafuta kwa kidole. "Present" ni ya sikukuu. "Fee" unampa daktari. "Tribute" inapelekwa na aliyeshindwa vita, na mume wa Maman Constance hakushindwa vita na mtu. Kila neno alilishika akalitupa. Alikuwa na hasira na Waingereza, watu wenye maneno mengi namna ile kumbe hawana hili moja, na alijikasirikia mwenyewe zaidi. Angekuwa mjinga kidogo tu, asingefika huku.

Jumamosi alikuwa mlangoni pa ofisi kabla Delphine hajafika. Bwana Whitlock alikuja na ufunguo wa gari mkononi. Polycarpe akamweleza habari ya ng'ombe, chefu, mashahidi na wajukuu. Tangu azaliwe, Kiingereza chake hakikuwa kimenyooka namna ile. Mwingereza alisikiliza, akatazama saa.

"Ni jambo la maana. Niandikie kurasa mbili, nitazituma mwezi ujao."

"Na orodha?"

"Orodha inaondoka sasa hivi. Visanduku ni vitatu, mwalimu. Walinunua au hawakununua?"

Fikiria mwenyewe. Mtu aliyewahi kumkata binti wa watu pointi tano kwa sababu ya "say" na "tell". Mtu aliyejua kuliko yeyote kwamba "bought", kwa watu hawa, ni uongo mtupu usio na nguo.

"Walinunua," akasema. "Wote sitini na mmoja. Mimi ndiye niliyetia alama vibaya."

Bwana Whitlock aliweka ufunguo wa gari juu ya meza. "Basi hutafanya kazi nami tena," alisema.

"Ni sawa."

Akaketi karibu na Delphine, akafuta na kutia alama upya, fomu moja moja, jasho likimtoka, naye Delphine akaipiga orodha upya. Kila "bought" ilimchoma, na hakuna hata moja iliyokuwa rahisi kuliko ya kabla yake. Gari liliondoka na orodha saa tatu na nusu.

Mwaka uliofuata karatasi zenye muhuri zilifika Walungu. Maman Constance alipanda camionnette, akashuka Kadutu na yake imefungwa kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaingia kwa Polycarpe bila kungoja kukaribishwa.

"Nisomee."

Akamsomea. Chai haitaingia kwake. Shamba ni lake.

"Juu ya nini?"

Angeweza kuruka ule mstari wa sababu, mama huyu hakujua kusoma. Hakuuruka.

"Juu ulinunua."

Maman Constance alipiga meza kwa kiganja mpaka Adélaïde akatoka jikoni kuona kuna nini.

"Bwana yangu hakununua. Udongo haiuzwake."

"Najua, Maman."

"Na wakati unaandika, ulijua?"

"Nilijua."

Hakumshukuru wala hakumtukana. Alichukua karatasi yake, akaikunja ndogo, ndogo zaidi, akaifunga tena kwenye kikwembe na kukaza fundo kwa meno. Adélaïde alimkaribisha chakula, mgeni akasema camionnette itamwacha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Hii karatasi nitaificha fasi panya yenyewe haiwezi kufika. Niko na vijana wane, Papa. Wakikuja kukuuliza, sema ni kalinzi. Mutoto akijua shamba ilinunuliwaka, siku nitakufa ataiuza."

Polycarpe aliapa mbele ya mke wake, kisha akamsindikiza mpaka barabarani.